Siku ya nyani kufa miti yote huteleza: uzi wa kupita winta ya mikosi bila kununa

#1 Kipupwe_Mkali (mwanzisha uzi)

Habari za jamvini wakuu. Uzi huu ni wa wenzetu walioko Winnipeg, Edmonton, Minneapolis na vitongoji vyake, kule ambako Januari ukipumua nje ndevu zinaota barafu. Wa Dar karibuni mcheke, ila msiuchafue.

Winta haimshindi mtu kwa jambo moja kubwa. Inamchosha kwa vidogo vinavyopanga foleni: simu imezima ikiwa na chaji asilimia 40, gari limegoma, mlango umeganda, umekimbilia basi ukateleza, umefika kibaruani soksi zimelowa. Ikifika Alhamisi mtu anaanza kujiuliza nani kamroga. Hakuna aliyerogwa. Chanzo ni viwili tu, baridi na haraka. Baridi inaleta mkosi wa kwanza. Wa pili na wa tatu tunajiletea wenyewe kwa kukimbizana na saa.

Kwa hiyo kuna kazi ya usiku na kazi ya asubuhi.

Usiku ni dakika 10 kabla ya kulala. Angalia utabiri, na usiishie kwenye nyuzi joto, soma na upepo, maana upepo ndio unaokata. Simu iingie kwenye chaji. Glovu, kofia na soksi za akiba viwe sehemu moja karibu na mlango. Viatu visimame kwenye trei mbali kidogo na hita, ngozi ikikaushwa kwa joto kali inapasuka. Theluji ikiwa njiani, nyanyua waipa za gari zisigande kwenye kioo. Halafu tega saa ikuamshe dakika 20 kabla ya muda wako wa kawaida. Mkosi ukitokea ndani ya hizo dakika 20 ni kituko cha kusimulia. Ukitokea nje yake ni ugomvi na bosi.

Asubuhi, jambo likikwama, fuata mpangilio. Kwanza toa taarifa kazini kabla hujaligusa gari tena: "Gari limegoma kwa baridi, natafuta usafiri, nategemea kufika saa 2 na nusu." Taja muda wa mbali kidogo kuliko unaoutegemea, ukiwahi hakuna atakayelalamika. Pili rudi ndani, mikono ipate joto. Vidole vilivyokufa ganzi ndivyo vinavyoangusha funguo kwenye theluji, na funguo kwenye theluji ya magotini zinatafutwa mpaka Aprili. Tatu shughulikia jambo moja tu mpaka liishe. Hukimbii.

Mafundi na manesi wa jamvi, shukeni na nondo.

#2 FundiGereji

Mkuu umefungua vizuri. Naongezea upande wa gari, maana asubuhi nyingi zinaharibikia hapo.

Betri ya gari inafanya kazi kwa kemia, na kemia inalegea kwenye baridi. Kwenye nyuzi 0 za Selsiasi inapoteza takriban theluthi ya nguvu zake, kwenye -18 nusu au zaidi. Wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito na stata inadai umeme mwingi kuliko siku zote. Ndiyo maana betri iliyokuwa inawasha vizuri Septemba inakufa Desemba bila kuaga. Ipime kwa mita gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.0 jiandae kupanda basi. Ikishavuka miaka 4 ipeleke ikapimwe, maduka mengi ya vipuri Marekani na Kanada yanapima bure. Ukinunua mpya, tazama namba ya CCA kwenye lebo. Hizo ni ampea ambazo betri inaweza kuzitoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye -18. Isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Kubusti sasa, yaani kuwasha gari lililokufa kwa umeme wa gari jingine. Kabla hujashika waya, itazame betri. Ikiwa imevimba ubavuni au imepasuka, achana nayo. Betri iliyoisha chaji inaganda, na ukibusti iliyoganda inaweza kulipuka. Kama ni nzima: waya mwekundu unaanzia chanya ya betri iliyokufa, unakwenda chanya ya betri nzima. Mweusi unaanzia hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho inabana chuma kitupu kwenye injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Hapo mwisho ndipo watu wanapokosea. Wanabana kwenye hasi ya betri iliyokufa, cheche inaruka juu ya gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri hiyohiyo. Acha gari zima lingurume dakika 5 ndipo ujaribu kuwasha. Stata isizidi sekunde 10 kwa mara moja, kisha ipumzike dakika moja au mbili. Likiwaka, tembea nalo nusu saa au zaidi. Safari ya dakika 5 kwenda dukani huku hita ya kiti na ya kioo cha nyuma zimewashwa inakula umeme kuliko ule ambao altaneta (jenereta ya gari) inaurudisha.

Mnaokaa Manitoba, Saskatchewan na Alberta: ule mkia wa waya unaoning'inia mbele ya gari si urembo, ni hita ya injini. Ikifika -15 chomeka. Haihitaji usiku mzima, saa 3 zinatosha, kwa hiyo nunua taima ya nje ianze saa 9 usiku kama unatoka saa 12 asubuhi. Na uchomoe kabla ya kuondoka. Kila winta kuna magari yanapita barabarani yakikokota waya na watu wanapunga mkono bure.

Tairi: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 upepo unapungua kama psi 1 (kipimo cha presha ya tairi). Toka nyuzi 15 za Oktoba hadi -20 za Januari ni psi 6 zimeondoka bila msumari. Taa ya tairi ikiwaka kwenye dashibodi siku ya kwanza ya baridi kali, usilaani, jaza. Na tairi za kawaida zinakakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, hazing'ang'anii barabara tena. Quebec tairi za winta ni sheria, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi. Kwingine tafuta ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ubavuni mwa tairi.

#3 MbebaBoksi

Nondo kweli kweli. Mkuu Fundi, kioo kikiganda si unamwagia tu maji ya moto biashara inaisha?

#4 FundiGereji

> si unamwagia tu maji ya moto

Biashara ya kioo ndiyo inaanza hapo, bosi wangu. Kioo cha -20 kikikutana na maji ya birika kinapasuka, hasa kama kina ufa mdogo wa kokoto. Kisipopasuka, maji yanateremka mpaka kwenye waipa na mpira wa mlango yanaganda upya, sasa una matatizo mawili.

Tengeneza dawa ya kupuliza: vikombe 2 vya spiriti ya famasi ya asilimia 70, kikombe 1 cha maji, kwenye chupa ya spreyi. Puliza, subiri dakika moja, kwangua. Chupa ikae ndani ya nyumba. Kitasa kikiganda, puliza tundu la funguo hiyohiyo. Mpira wa mlango ufute ukauke kisha upake silikoni ya spreyi kwenye kitambaa, mara moja kwa mwezi.

Barafu ikiwa upande wa ndani wa kioo, hilo ni unyevu wa theluji uliyoingia nayo miguuni. Kung'uta viatu kabla ya kuingiza miguu, toa mazulia yenye maji ukayakaushe ndani. Ukiwasha gari, elekeza hewa kwenye kioo, washa A/C pamoja na hita (ndiyo, A/C, kwa sababu inakausha hewa) na zima ile alama ya kuzungusha hewa ya ndani.

Maji ya kusafishia kioo yawe ya -40. Yale ya kiangazi yanaganda na kupasua tangi. Mengi yana methanoli, ni sumu, weka mbali na watoto.

#5 Bibi_wa_Minnesota

Hamjambo nyote. Kwa sisi tunaopimiwa kwa Farenhaiti: 0 yetu ni karibu -18 yenu. Zikifika -40 zote mbili ni sawa, hapo hata kubishana hakuna haja.

Kuanguka ndiko kunakoharibu siku kuliko gari. Kwenye barafu tembea mwendo wa bata: hatua fupi, wayo wote ukanyage kwa pamoja, magoti yamelegea kidogo, uzito uwe juu ya mguu wa mbele. Mikono itoke mfukoni. Mtu mwenye mikono mfukoni akiteleza anaangukia uso. Hatari kubwa si theluji nyeupe, ni ile barafu isiyoonekana, inafanana na lami iliyolowa: chini ya mifereji ya paa, kwenye ngazi za kanisa, na pale unaposhusha mguu kutoka kwenye gari. Shika mlango, shusha miguu yote miwili, ndipo usimame.

Chumvi watu wanaimwaga kama wanapanda mahindi. Kikombe kimoja kikubwa cha kahawa kinatosha vigae kama 10 vya njia ya miguu. Ondoa theluji kwanza, chumvi si koleo. Chumvi ya kawaida inaanza kushindwa ikishapita -10 ya Selsiasi, hapo tumia kalisi kloraidi au mwaga mchanga tu upate kukanyaga.

Koleo lenyewe: sukuma, usinyanyue. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aache kazi hiyo kwa kijana wa jirani, baridi inabana mishipa huku moyo unafanyishwa kazi ya ghafla.

#6 Nesi_wa_Zamu

Asante bibi, shikamoo. Mimi naingia kwenye mwili na moyo.

Ngozi na pua. Hewa ya ndani ikipashwa na hita inakauka, ndiyo maana midomo inapasuka, pua inatoka damu, na ukishika kitasa unapigwa shoti. Tafuta kipima unyevu cha bei ndogo; lenga asilimia 30 hadi 40. Nje ikifika -20 na chini yake shusha kidogo, vinginevyo maji yanaganda kwenye madirisha na ukungu unaota. Kuoga kuwe kwa maji ya vuguvugu na kusizidi dakika 10. Jipake ndani ya dakika 3 ngozi ikiwa bado na unyevu, mafuta mazito: vaselini au shea. Losheni ya majimaji inakauka kabla hujafika kituoni. Damu ya pua: kaa, inamisha kichwa mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuchungulia. Kuinamisha kichwa nyuma kunakumezesha damu tu.

Kuganda kwa ngozi. Ubaridi wa upepo (baridi unayoihisi upepo ukivuma) ukifika -28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta sehemu iliyopauka rangi ya majivu, ngumu, isiyo na hisia. Ingia ndani, tumbukiza kwenye maji ya nyuzi 38 hadi 40. Usisugue, wala usiweke kwenye hita au moto, maana huhisi na utaungua. Ikibaki ngumu au ikitoa malengelenge, hospitali.

Sasa kununa. Winnipeg mwishoni mwa Desemba ina mwanga wa mchana kama saa 8 tu. Ukitoka kazini jua limezama, ukiingia halijachomoza. Mwili uliozoea saa 12 za mwanga mwaka mzima unachanganyikiwa: usingizi mwingi, hamu ya wanga, hasira za karibu. Kinachosaidia ni mwanga wa asubuhi. Taa maalumu ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), dakika 20 hadi 30 mara tu ukiamka, umbali ulioandikwa na mtengenezaji (mara nyingi sentimita 40 hadi 60), ikae pembeni ya macho huku ukinywa chai, usiikodolee. Taa ya kawaida ya sebuleni haifiki hata lux 500. Mwenye ugonjwa wa macho au wa hisia kupanda na kushuka amuulize daktari kwanza. Wa zamu ya usiku taa yenu ni mwanzo wa zamu, si mwisho, vinginevyo hamtalala.

Vitamini D: sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi kuitengeneza, na huko jua lenyewe la winta ni la maonyesho. Uingereza inashauri IU 400 (IU ni kipimo cha vitamini, kimeandikwa kwenye kopo) kwa siku, na kwa wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Kanada watu wazima mpaka miaka 70 wanahitaji IU 600, chakula kikiwemo. Usivuke 4,000 kwa siku bila daktari.

Na tutofautishe. Kuchukizwa na gari ni kawaida. Wiki 2 mfululizo huna hamu ya kitu, hulali au hutoki kitandani, hiyo si mikosi, ni ugonjwa na una tiba. Mweleze daktari. Ukijiona unawaza kujidhuru, Marekani na Kanada zote mbili unapiga 988, saa 24.

#7 MwanaMakete

Poleni wa ughaibuni, ila msijione peke yenu. Huku Makete, Njombe, Julai asubuhi majani meupe kwa barafu. Sisi dawa yetu rahisi: jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, stori zinaanza. Huko hamuuziwi mkaa?

#8 Nesi_wa_Zamu

Mkuu, hilo liache hata huko Makete. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, unasinzia, huamki. Ota moto nje penye hewa, na jiko lilale hukohuko nje.

Huku nako ni hivyohivyo: hita ikiharibika, jiko la kuchomea nyama haliingii ndani wala gereji. Weka king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala kila ghorofa, kibonyeze kila mwezi kujaribu. Na ukikwama kwenye theluji, kabla ya kukaa ndani ya gari linalounguruma, toka ufukue bomba la ekzosi.

#9 MwanaMakete

Nimekuelewa dada. Jiko limetoka.

#10 Mtunza_Nyumba

Fasta fasta kuhusu nyumba. Koki kuu ya maji iko wapi? Kama hujui, nenda kaitafute sasa hivi na uizungushe uone kama inafunga. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, bomba linapasuka, na mafuriko unayaona siku barafu inapoyeyuka, kwa kawaida ukiwa kazini. Baridi kali ikija, fungua milango ya kabati chini ya sinki, acha koki ya sinki iliyo kwenye ukuta wa nje idondoshe uzi mwembamba wa maji, na ukisafiri usishushe joto la nyumba chini ya nyuzi 13 za Selsiasi. Bomba likiganda: fungua koki yake, pasha kwa mashine ya kukaushia nywele kuanzia upande wa koki kurudi ukutani. Moto wa gesi, marufuku.

Tanuru (mashine inayopasha joto nyumba nzima) likizima lenyewe usiku, mara nyingi ni filta. Ikijaa vumbi hewa haipiti, tanuru linapata joto kupita kiasi na swichi ya usalama inalizima. Soma vipimo ubavuni mwa filta ya zamani, nunua kama hiyo, badilisha kila mwezi mmoja hadi mitatu, mshale uelekee kwenye tanuru. Sababu nyingine ni yale mabomba meupe ya plastiki ya hewa ya tanuru ubavuni mwa nyumba, theluji ikiyaziba tanuru linakosa hewa. Fukua.

#11 Kaka_wa_Goma

Ndugu zangu, na sisi wa basi? Simu ikae mfuko wa ndani karibu na kifua, betri ya lithiamu ikipoa inajizima hata kama haijaisha. Ikirudi ndani iache ipate joto ndipo uichomeke, kuichaji chini ya nyuzi 0 kunaiharibu. Nguo ya kwanza mwilini isiwe pamba, inashika jasho. Vaa sufu au poliesta. Glovu za vidole vimeunganishwa zina joto kuliko za vidole vitano. Viatu vikibana, vidole vinaganda hata ukivaa soksi tatu.

Lakini kitu kikubwa ni watu. Panga na majirani watatu au wanne: nani ana waya za kubusti, nani ana gari la uhakika, watoto wa nani wanasoma shule moja. Anzeni Septemba, msisubiri barafu. Kila mmoja aweke dola 10 kwa wiki kwenye kibubu cha mikosi. Mpaka mwisho wa Desemba una karibu 170, inakaribia bei ya betri. Mkosi uliokwisha kulipiwa hauumi sana.

Halafu kwenye kundi la WhatsApp wekeni shindano la mkosi wa wiki. Sheria: utume kabla ya saa 6 mchana, sauti isizidi dakika moja, picha ya ushahidi. Anayeshinda anapikiwa Jumamosi. Mtu anateleza, kabla hajanyanyuka anawaza kama ataweza kumpiku yule wa jana. Hasira inapata pa kwenda. Chai ya siku hiyo: maji vikombe 3, tangawizi kipande cha kidole gumba ipondwe, iliki 4, ichemke dakika 10 ndipo maziwa vikombe 2 na majani. Ukitia maziwa mapema tangawizi inayakata.

#12 MbebaBoksi

Fundi, kuna jamaa anasema gari lazima lipashe nusu saa asubuhi. Kweli?

#13 FundiGereji

Ya zamani yenye kabureta labda. Ya sasa dakika 2 mpaka 5 za kusafisha kioo zinatosha, kisha endesha polepole kilomita za mwanzo, injini inapata joto haraka zaidi ikitembea. Nusu saa unachoma mafuta, na gari linalounguruma bila mtu ni zawadi kwa wezi. Tangi lisishuke chini ya nusu, siku ukikwama hayo mafuta ndiyo hita yako.

#14 Mgeni_wa_Edmonton

Wakuu msaada wa haraka. Rimoti imekufa, gari ni la kuwasha kwa kubonyeza kitufe, niko nje na ni -24.

#15 FundiGereji

Tazama ubavu wa rimoti kuna kitufe kidogo, kisukume, utachomoa funguo ya chuma. Tundu la mlango likiwa halionekani, liko chini ya kifuniko cha plastiki kwenye kitasa. King'ora kikilia usishtuke. Ingia, kanyaga breki, gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, bonyeza. Baadaye nunua betri yake, nyingi ni CR2032, ila fungua uone namba kwanza.

#16 Mgeni_wa_Edmonton

Limewaka! Mungu akubariki mkuu. Sasa mbona kioo kimeganda kwa ndani?

#17 MbebaBoksi

Rudi #4. Na ukifika, tuma sauti kwenye shindano, saa 6 haijafika.